Ubao Ambao Dada Yangu Hakuuosha

Ukichanganya masizi ya chungu na maji na utomvu kidogo wa mti, unapata harufu ambayo siwezi kumweleza mtu aliyezaliwa zama za kalamu za biki. Ni harufu ya jikoni na ya msikitini kwa pamoja. Juzi nilifungua ile kanga ya marehemu dada yangu Zaituni ili niianike, harufu ikanipanda puani, na mimi, bibi mzima niliyebakiwa na meno machache, nikakaa chini sakafuni. Ndani ya kanga umo ubao wake wa chuoni.

Mjukuu wangu aliingia akauona. Anasoma sekondari hapahapa Gisenyi na anajiona anajua kila kitu. Akaugeuza ubao huku na huku. Upande mmoja ni mtupu, umelainika kwa kuoshwa. Upande wa pili una maandishi yaliyofifia, ila bado yanasomeka.

"Bibi, hii ni Kiingereza! Ni zile vitendo tunasomaga na sisi. Sasa mbona hamukuiosha?"

Nikamwambia aurudishe mahali pake na aende akaangalie maharage jikoni yasiungue. Alikwenda akinung'unika. Sikuwa na jibu fupi la kumpa, na jibu refu hangelisikiliza, kwa hiyo nawaandikia ninyi wa rika langu, mliopata kuona ubao.

Mtaa wetu ulikuwa ule wa Waswahili, mwendo mfupi tu kutoka ziwani. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona barazani pa duka la Mwarabu mmoja. Hodi za nyumba yetu zilikuwa za watu walioleta suruali kupunguzwa. Wazungu wa Kibelgiji walikuwa na majumba yao kandokando ya ziwa na mapadri walikuwa na shule yao juu, shule nzuri ya matofali. Sisi hatukusoma huko. Hakuna aliyetufukuza, ila kila mzazi wa mtaani alikuwa na kisa cha mtoto wa fulani aliyepelekwa kule na jina la Rashidi akarudi na jina la Rafaeli. Mama akisikia kengele ya kule juu alikuwa anavuta mtandio kichwani, mchana kweupe, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Basi sisi tulisoma chuoni kwa maalimu. Nataka mkumbuke chuo kilivyokuwa, kwa sababu kisa chote kiko pale. Tulikaa chini kwenye jamvi, kila mtoto na ubao wake wa mti. Maalimu anakuandikia aya zako kwa kalamu ya tete, nawe unazisoma kwa sauti, mwili ukiyumba mbele na nyuma, mpaka zikae kifuani. Maana hatukuulizwa. Kuhifadhi kwanza, maana itakuja yenyewe ukiwa mkubwa, ndivyo maalimu alivyosema kila siku ya Mungu. Siku ya kukupima alikuwa hakuulizi swali. Anakutupia mkia wa aya, neno moja la mwisho tu, nawe unaudaka hapohapo na kuendelea na aya inayofuata, na inayofuata, mpaka aseme basi. Ukisita, fimbo. Na mtu akiwa anasoma, haingiliwi. Hata mbuzi wa jirani akiingia anakula jamvi, mwache amalize.

Ukipita, unaosha ubao wako kwa maji safi ndani ya bakuli, na yale maji meusi unayanywa mwenyewe. Hayamwagwi, hapewi mtu mwingine. Yana ladha ya moshi na udongo. Usipopita, ubao unabaki vilevile na maandishi yake, na unarudi nao nyumbani umeukumbatia kifuani ili watu wasiuone, na watu wote wanajua kwa nini umeukumbatia.

Zaituni hakuwahi kurudi ameukumbatia. Alikuwa msichana mwembamba, mrefu, mwenye sauti nzito kuliko umri wake, na maalimu alikuwa akimwita akiwataka wavulana waone aibu. Mimi nilikuwa kitinda mimba, na kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kumfuata Zaituni.

Kiingereza kilikuja mtaani na mwanamke. Dereva mmoja wa lori, jirani yetu, alikwenda Uganda kupeleka kahawa akarudi na mke. Tulimwita Mama Kampala hata kabla hajazaa. Alikuwa amesoma madarasa kadhaa kwenye shule ya wasichana wa Kiislamu huko kwao. Mwislamu, msichana, na amesoma! Wanawake walikuja kumwangalia kwa visingizio vya kuazima kinu. Na yeye alikuwa mcheshi, anacheka kwanza, halafu ndiyo anasema jambo. Asubuhi alikaanga mandazi ya kuuza, na Zaituni alipelekwa kumsaidia kukanda unga.

Siku moja Mama Kampala, mikono imejaa unga, akaanza kuimba maneno yake ya shuleni kujiliwaza. *Begin, began, begun. Break, broke, broken.* Zaituni akasikiliza mara moja, mara ya pili akamfuata, mara ya tatu akasoma peke yake bila kukosea. Mama Kampala akaacha mandazi yaungue.

"Banange! Huyu mutoto ana kichwa kama sanduku! Ukiweka kitu hakitoki! Tena, toka mwanzo!"

Jioni alikuja kwetu na mumewe. Alisema kwamba kule alikosoma wanapokea wasichana, na kwamba yuko mzee mmoja wa Kampala, mfanyabiashara na mtu wa kamati ya shule ile, ambaye hupita Gisenyi akielekea Goma. Akimpima mtoto akaona anafaa, anaondoka naye. Kitanda chipo, chakula kipo. Ila kule masomo yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto lazima afike na kitu kichwani.

Baba akawa anavua na kuvaa pete yake ya sindano kidoleni. Kulikuwa na jambo. Zaituni alikuwa amekwisha kuposwa. Mtu wa Goma, mfanyabiashara wa chumvi, si kijana na si mzee, alikuwa ameleta barua na baba alikuwa amempa neno lake. Harusi ingekuwa baada ya mfungo. Hatimaye baba akasema, na mimi niko chini ya meza nikiokota vifungo:

"Bon. Ule mutu nilisha kumupatia neno yangu. Lakini kama mugeni anasema mutoto anapita, mi mwenyewe nitaenda Goma kumuambia atafute fasi ingine. Kama hapite, ataolewa. Tumemaliza."

Kwa mtu wa wakati wake, baba alikuwa amefanya jambo kubwa. Nalisema kwa sababu huko mbele mtataka kumlaumu, na mimi mwenyewe nilimlaumu miaka mingi. Zaituni alikwenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata, nikamkuta ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, anaruka bila kutoa sauti.

Mama Kampala hakuwa na kitabu. Alikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikwenda kwa mpango wa herufi, toka A hadi mwisho, maneno matatumatatu. Zaituni naye alikuwa na ubao. Upande mmoja una Kurani, upande wa pili mtupu. Akaenda kwa maalimu kuomba ruhusa. Maalimu alikuna ndevu, akasema mti ni mti, ila usiyachanganye, na ukiweka ubao chini, upande wa Mungu uwe juu. Hivyo ndivyo Kiingereza kilivyoandikwa kwetu, kwa masizi na kalamu ya tete, ubao mmoja baada ya mwingine. Dada alikaa uani, miguu ameikunja, mwili unayumba mbele na nyuma. *Drink, drank, drunk. Drive, drove, driven. Eat, ate, eaten.* Akipita kwa Mama Kampala, anaosha, anakunywa. Hakuna aliyemwambia anywe. Kwetu kusoma kulikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa bakuli.

Siku ya kwanza Mama alipomwona alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

"We Zaituni! Utakunywa Kizungu? Na kama inakukaa mu tumbo, tutaitosha inje na dawa gani?"

"Mama, ni masizi ya chungu yako mwenyewe."

"Chungu ni yangu, lakini maneno ni ya nani?"

Zaituni akacheka, akanywa yote, akaacha funda moja chini. Funda hilo lilikuwa langu. Nilikunywa Kiingereza kabla sijajua neno lake hata moja, na ladha yake ilikuwa ileile.

Mimi nilikuwa na elimu yangu ya pembeni, ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeligundua lile neno la tatu. La kwanza na la pili yaligongana ovyo, lakini la tatu, masikioni mwangu, lilikuwa na mwisho mmoja. *Broken, driven, eaten, fallen, given.* Na chuoni aya zetu nazo si ndivyo zinavyoishia, moja baada ya nyingine, kwa sauti moja? Basi nikajua. Kiingereza nacho kimeteremshwa. Neno la tatu ni lile la kuombea. Dada akisema *forgiven* mimi nilikuwa nasema amina kimoyomoyo, na nilipoibiwa mwanasesere wangu wa vitambaa nilikwenda nyuma ya choo nikasoma *taken, taken, taken* mpaka koo likakauka. Mwanasesere hakurudi. Nikaona nimekosa udhu.

Mama Kampala alitoa maana kidogokidogo. *Eat* ni kula, *fall* ni kuanguka. Lakini alifundisha kama alivyofundishwa, na sisi tulipokea kama tulivyozoea. Zaituni akimuuliza maneno haya yanaungana namna gani, anajibu, "Kale," yaani haya kwa lugha ya kwao, "kwanza yajae kifuani. Kuongea kutakuja yenyewe ukifika kule." Haikuwa hila. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Alifika shuleni kwao kimya, mwaka mmoja akasikia tu, halafu mdomo ukafunguka. Alisahau kwamba yeye hakuna aliyemsimamisha mlangoni amuulize kwanza.

Baba naye nilimwona. Kulikuwa na kitambaa cheupe kilichobaki kwenye magauni ya mke wa Mbelgiji mmoja, na mwenyewe alimwachia. Jioni kazi zikiisha alikuwa anakitandaza, anakata, anafunga tena kwenye gazeti. Nilitambua kola. Nilitambua mkanda wa kiunoni. Mikono ya gauni ilikuwa bado hajaishona.

Mgeni alifika siku ya Ijumaa. Lori lilisimama barabarani akashuka mzee mnene mwenye kofia ya lalia na koti refu, na sauti ya chini sana, ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kuinua sauti. Baada ya sala wakaja wote kwetu. Mama alikuwa amepika pilau tangu alfajiri, na Zaituni ndiye aliyekuwa akizunguka, analeta maji ya kunawa, anabeba masinia, anarudi jikoni, anatoka tena. Hakuwa ameonja hata punje. Wanaume walikaa uani kwenye mikeka, wanawake tulijazana mlangoni, Mama Kampala mbele yetu, tumbo la mimba limemtangulia.

Chakula kilipoondolewa, baba akamwita. Zaituni akaja akakaa mbele ya mgeni, miguu ameikunja, ubao mapajani. Ulikuwa ubao wa mwisho, wa herufi za mwisho, ambao alikuwa bado hajauosha. Mgeni akamwambia kwa Kiswahili aanze popote anapotaka. Akaanza mwanzo. Wallahi sijasikia tena mtu anasoma vile. Hakuangalia ubao. Hakusita. Lile neno la tatu lilikuwa linaangukia mahali pake kila mara, na wazee ambao hawakujua hata salamu ya Kiingereza walianza kuyumba naye. Maalimu alikuwa amefumba macho. Mgeni akanyanyua mkono akasema basi, inatosha, inatosha mwanangu. Alikuwa anatabasamu. Akamgeukia baba, akasema mtoto huyu ni hazina. Baba akainamisha kichwa kuficha uso wake.

Kama mambo yangeishia pale!

Yule mzee alikuwa mtu mwema. Hilo nalo naliandika. Alikuwa amemwona binti anazunguka na masinia bila kukaa. Akamsogelea kidogo, kama mtu anavyomsogelea mtoto wa nyumbani, akamuuliza kwa Kiingereza, polepole:

"*Have you eaten?*"

Alikuwa anamuuliza kama amekula.

Zaituni alinyoosha mgongo. Maalimu alikuwa ametufundisha hivyo miaka yote: mkia ukitupwa, udake. Akaudaka.

"*Fall, fell, fallen.*"

Mgeni akakunja uso, akafikiri hakusikika. Akarudia, sasa kwa upole zaidi. "*Have you eaten, my daughter?*"

"*Fall, fell, fallen*," akasema Zaituni kwa sauti kubwa zaidi, akijua kwamba mtu akirudishiwa mkia basi ametakiwa aende mbele, "*feed, fed, fed, feel, felt, felt, fight, fought, fought…*"

Na akaenda. Hakuna aliyemsimamisha, maana anayesoma haingiliwi. Mgeni alikuwa Mwislamu, naye aliijua adabu hiyo, akaweka kikombe chake chini akasubiri. Nilimwangalia Mama Kampala. Midomo yake ilikuwa inatamka kitu, neno moja fupi la kujibu, tena na tena, bila sauti, akimtazama Zaituni ambaye hakuwa akitazama mlangoni. Halafu akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikadhani analia kwa furaha. Dada akafika *forgiven*, nikasema amina. Akafika mwisho kabisa, *write, wrote, written*, akanyamaza, anahema. Ua zima likasema mashallah. Wanawake tukapiga vigelegele, na mimi nilipiga kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza juzijuzi tu kuuzungusha ulimi.

Mgeni alisubiri vigelegele viishe. Akamwambia baba kwa sauti yake ile ya chini, na mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Mtoto ana kichwa kuliko wote niliowaona mwaka huu. Lakini lugha haisikii. Nimemuuliza kama amekula, akanisomea. Nikimpeleka hivi, mwalimu atasema neno moja naye atamsomea mpaka jioni, wenzake watamcheka. Hatuna mtu wa kumfundisha peke yake. Mumtafutie mtu wa kuongea naye. Mwaka ujao nitapita tena, inshallah."

Baba akasema inshallah. Mwaka ujao! Wote wawili walijua kwamba mwaka ujao Zaituni atakuwa jikoni kwa mtu wa chumvi. Baba alikuwa ametoa neno lake mara mbili, na neno la pili lilikuwa limemfunga kuliko la kwanza. Mama, ambaye alikuwa haitaki ile safari tangu mwanzo, ndiye aliyemwangukia miguuni baada ya wageni kuondoka. Baba akamwinua, akasema, "Nilisema mbele ya batu," basi.

Mama Kampala alikuja jikoni. Zaituni alikuwa anasugua sufuria la pilau kwa majivu, anasugua palepale, mahali palipokwisha kung'aa. Mama Kampala akamwambia:

"Kosa ni langu. Kwangu mimi umepita. Osha ubao wako, unywe."

Zaituni hakunyanyua kichwa.

"Bado," akasema.

Hilo ndilo neno pekee alilosema jioni hiyo. Baadaye sana, tukiwa wanawake wazima, aliniambia jinsi ilivyokuwa. Alijua kabisa kwamba *eaten* ni ya kula. Alijua hata mzee anamtazama kwa huruma. Lakini masikio yalidaka mkia kabla yeye hajafika. "Mi nilikuwa nyuma ya masikio yangu," alisema, akacheka kidogo, nikaona afadhali angelia.

Alivuka kwenda Goma baada ya mfungo. Ni mwendo wa mguu tu, mnaujua, ungeweza kwenda na kurudi kabla chungu cha maharage hakijaiva. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alimlisha, alimvisha, hakumpiga. Nikienda kumtembelea namkuta jikoni, mwiko mkononi, mtoto mgongoni, na midomo inacheza bila sauti. Nikimuuliza unasema nini, anasema nahesabu vikombe vya unga. Mama Kampala alihamishwa na mumewe mwaka huohuo, tukasikia yuko Bukoba, tukasikia yuko Mbarara, halafu hatukusikia tena. Lile gauni jeupe baba alilimalizia. Alilipunguza, akatia mikono mifupi, nikalivaa mimi sikukuu ya Idi. Nilizunguka nalo mtaa mzima nikiringa, na baba hakuinua macho kuniangalia hata mara moja. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu.

Miaka ikapita, na mambo yakapita ambayo sitayaandika hapa, kila mtu wa nchi hizi ana ya kwake. Zaituni alifiwa na mume, akarudi Gisenyi, tukaishi wawili katika nyumba ileile. Alikuja na fuko la nguo na kanga moja iliyofungwa fundo. Na Kiingereza nacho kikaja, safari hii bila kuitwa na mtu. Kikabandikwa madukani, kikaingia shuleni, vijana wa pikipiki wakawa wanakitupiana barabarani. Mjukuu wangu akirudi anafungua daftari anaanza wimbo uleule. *Eat, ate, eaten.* Zaituni alikuwa anakaa pembeni anachambua mchele. Sikumtazama. Niliogopa nitakachokiona.

Siku moja tu alimuuliza yule mtoto. "Sikia, we. Mutu akikuuliza mu Kiingereza kama umekula, unamujibu namna gani?"

"*Yes, I have eaten*. Rahisi tu, Bibi."

"Rahisi," akasema Zaituni. Akalirudia lile jibu, mara moja, polepole, akaendelea na mchele. Kuanzia hapo nilikuwa namsikia akilinong'ona akifagia, akitawadha, akimwagilia ile miche yake ya mchicha. Na mimi mpumbavu nikafikiri ni uzee.

Alipougua tulimpeleka hospitali. Hakuwa anakula. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda na uji kwenye kopo lenye kifuniko, anaonja mdomo tu na kugeukia ukutani. Akaja daktari kijana, mmoja wa wale waliokulia Uganda, mpole, mwenye haraka, lugha zote zimemchanganyikia kinywani. Akamshika dada mkono, akasema:

"Mukecuru, *have you eaten?*"

Nikawa mtoto tena, niko mlangoni, vigelegele viko tayari ulimini. Zaituni alijiinua kidogo kwenye mto. Alimtazama yule kijana usoni, akanyoosha mgongo wake uliokwisha.

"*Yes*," akasema. "*I have eaten.*"

Daktari akafurahi kweli. "Eh! Mukecuru azi Icyongereza!" akamwambia nesi, kwamba bibi huyu anajua Kiingereza. Wakacheka wote, akaandika kitu, akaenda kitanda kinachofuata.

"Umemdanganya mtoto wa watu," nikamwambia. "Tangu jana hujala kitu. Ngoja nimwite."

Akanishika mkono. Sikujua kama bado ana nguvu hizo.

"Nyamaza, Sauda. Nimepita." Alikuwa anatabasamu na macho yamejaa maji. "Kesho uniletee ubao. Na bakuli ya maji."

Kesho yake nilikwenda asubuhi. Ubao nilikuwa nao kwapani ndani ya kanga yake, bakuli kwenye kikapu, na chupa ya maji safi niliyoyachemsha mwenyewe yakapoa, maana nilitaka ayanywe bila kudhurika. Nilimkuta nesi anatandika kitanda. Alikuwa anakitandika kwa ajili ya mgonjwa mwingine.

Nikarudi na vitu vyangu vyote. Maji niliimwagia ile miche ya mchicha. Ubao sikuuosha, na sitauosha, mjukuu wangu aulize mpaka achoke. Maji yake hayamwagwi na hapewi mtu mwingine, na mwenye kuyanywa hayuko.